Karatasi ya Mlo wa Mama

14 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na Mungu akutangulie huko wodini kabla hujavaa hata hilo koti lako jeupe. Sisi hatujambo. Mjomba wako kikohozi kimemtoka, sasa kimebaki kisirani tu. Cherehani yangu ilikatika mkanda, nikakaa wiki nzima kama mtu aliyefungwa mikono, ila sasa imepona. Nashona sare za kwaya, watu arobaini, na kila mmoja ananinong'oneza nimlegezee kidogo tumboni.

Barua yako ilifika Jumanne, na ile karatasi ya mlo ndani yake. Nimeibandika ukutani jikoni na kuifunika kwa nailoni isipate mvuke. Tangu daktari wa zahanati amwambie mama yako ana sukari, nyumba hii imejaa walimu. Jirani anasema asiguse matunda, shemeji anasema ale matunda matupu. Nimewaambia wote: mwalimu ni mmoja, na huyo anasomea lishe. Kwa hiyo asubuhi uji usio na sukari na yai moja. Mchana wali kikombe kimoja, cha kupima kweli, si cha kukisia kwa macho, na nusu sahani iwe mboga.

Mama yako alisimama mbele ya ukuta akaisoma yote hadi sahihi yako. Akasema, "Huyu nilimlisha kwa kijiko, leo ananipimia kijiko." Tulicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia, "Tutaifuata, mdogo wangu, kama ilivyoandikwa."

Mambo ya ndani tuyaandike, maana simu ya nyumba hii ni moja na inakaa kwa mama yako. Ukipiga, anaongea yeye, mimi naambulia salamu. Tangu nifiwe na mume wangu nihamie hapa, dada yangu hajawahi kuniachia hiyo simu hata dakika tano!

Nakuombea kila alfajiri.

Mama yako mdogo


9 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Nashukuru kwa barua na kwa maombi. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya hospitali, dirisha linatazama ukuta wa chumba cha kufulia, na mashuka ya wagonjwa ndiyo mandhari yangu. Msalimie mjomba na kisirani chake.

Sijawahi kukueleza haya mafunzo yakoje. Ni mwaka mmoja wa kuhamishwahamishwa. Sasa niko wodi ya watu wazima, nitaenda jiko la hospitali, kisha wodi ya watoto, wodi ya saratani, na mwisho kliniki za mitaani. Ukikosa zaidi ya siku tano sehemu moja, unairudia mwakani na wenzako wanakuacha. Mwenzetu alikwenda kumwuguza mumewe siku nane. Ameambiwa arudi mwaka ujao.

Msimamizi wetu tunamwita Bi Mizani, kwa siri. Hana utani. Anatufundisha kumwuliza mgonjwa alikula nini jana tangu alipoamka hadi alipolala, halafu kumwuliza tena kwa njia nyingine, kwa sababu, anasema, watu huficha chakula kuliko wanavyoficha dhambi. Babu wa kitanda cha sita aliniapia kwamba hajagusa soda. Nikamwambia, "Babu, na hii chupa chini ya mto?" Akanijibu, "Hiyo ni ya kitanda cha saba. Mimi naitunza tu."

Tunapima pia mikono ya wagonjwa kwa utepe, na hapo nakukumbuka. Wewe unapima ili nguo imkae mtu. Mimi napima nijue mtu mwenyewe amebaki kiasi gani.

Nyumbani hakuna mizani, kwa hiyo nakuomba umpime mama kwa tepu yako, kiuno na mkono wa juu, uniandikie. Na asiruke mlo.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Sare za kwaya zilinimaliza macho. Huku mvua imenyesha vizuri, paa limevuja pale pale panapovuja kila mwaka, na mjomba wako amesema atapanda kuziba pale pale anaposema kila mwaka. Tunakushukuru kwa barua. Nilimsomea mama yako yote, hata ile ya babu na soda, akaitaka mara mbili.

Sasa vipimo. Februari kiuno chake kilikuwa inchi arobaini na moja, ninacho kwenye daftari langu la wateja. Juzi nimepata thelathini na sita. Nimembania magauni matatu na lile la bluu la kwendea ibada, yanamkaa kama ya msichana. Watu wanamsimamisha njiani. Mke wa mwenye duka amekuja hapa na kalamu kunakili karatasi yako, nikamwambia dawa ya mtu mwingine hainywewi ovyo, lakini alishafika kwenye mboga.

Mama yako anajivuna. Anasema mwanawe amempunguza bila kumgusa. Mkono sikuupima, alikuwa na haraka siku ile.

Soma kwa bidii, usituwaze. Hajambo kabisa.

Mama yako mdogo


30 Mei

Shikamoo mama mdogo,

Natumaini paa limetulia, na mjomba hajapanda, maana akianguka nitalazimika kumwandikia naye karatasi.

Niko kwenye jiko la hospitali. Mwezi mzima nimevaa kofia ya wavu na viatu vya mpira. Naingiza kipimajoto kwenye masufuria ya supu, na chakula kikirudi kutoka wodini napima mabaki. Kila wodi ina ndoo yake. Mpishi mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, hawezi kusikia ndoo ya wodi ya wanaume imezidi kilo kumi. "Wamekataa maharage yangu? Hao si wagonjwa, hao ni wajeuri!" Amenifundisha kwamba hospitali nzima unaweza kuisoma kwenye ndoo.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Inchi tano! Mama mdogo, hujui umenipa nini. Hapa kila siku naambiwa nimekosea hesabu, nimeandika polepole, nimesimama vibaya mbele ya daktari. Lakini nina mgonjwa mmoja duniani aliyenisikiliza, na amepona mikononi mwangu. Mwezi ujao kila mwanafunzi anaeleza wenzake habari ya mgonjwa mmoja aliyemhudumia. Mimi nitaeleza habari ya mama. Sitataja jina.

Mwambie nampenda. Kwenye simu siwezi kusema bila yeye kuanza kunitania.

Mwanao


21 Juni

Shikamoo mama mdogo,

Natumaini nyote wazima. Nakuandikia kabla hujanijibu ile ya Mei.

Nilieleza habari ya mama mbele ya darasa. Nilichora inchi ubaoni, Februari na Mei. Bi Mizani akauliza nani alimpima, nikasema fundi cherehani, wote wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Katika hicho ulichomwandikia, anakula kiasi gani?" Nikasema anakula chote. "Umejuaje?" Nikasema kwa sababu inchi zimepungua. "Ana nguvu kama zamani? Ana maumivu? Nguo zilianza kupwaya kabla ya karatasi yako, au baada?" Nikaiweka chaki chini, mama mdogo. Akaniambia bila ukali kwamba mtu mzima akipata sukari uzeeni na huku anakonda haraka hivyo, hatumpigii makofi, tunamtafutia sababu. Wali kikombe kimoja haumwondolei mtu inchi tano kwa miezi miwili na nusu.

Naomba unijibu haya tu. Anamaliza sahani? Anaumwa wapi? Mkono wake una inchi ngapi?

Nikipiga simu anasema yuko sokoni, ananisikia vibaya, mtandao mbovu. Ukipata barua hii, usingoje.

Mwanao


18 Julai

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako hajambo. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza, na nimelazimika kufunika vitambaa vyote. Kwaya wamevaa sare zao na wamependeza, ila mwalimu wao ameongezeka tangu nimpime, vifungo vinaimba kuliko yeye. Mama yako hajambo, amenituma nikusalimie. Binti wa jirani ameposwa, nitashona gauni. Mjomba wako amenunua redio.

Kuhusu maswali yako, naona hao walimu wako wanakutisha bure. Kila mtu ana mwili wake. Mama yako hajambo, anakula kama kawaida ya watu wa umri wetu. Zaidi ya yote ni kumtegemea Mungu.

Sina mengi. Mama yako hajambo.

Mama yako mdogo


2 Agosti

Mama mdogo, shikamoo.

Leo nimeanza wodi ya saratani.

Umeandika "hajambo" mara nne. Hukujibu swali hata moja. Wewe ambaye ukishona shati unajua mtu amekula nini mchana, hujui mkono wa dada yako una inchi ngapi?

Sitakuuliza tena kwa barua. Nitakuja.

Mwanao


11 Agosti

Mwanangu,

Barua hii anakuletea mjomba wako mwenyewe mkononi, kwa sababu posta itachelewa na simu iko chini ya mto wa mama yako. Mpe chai, amesafiri.

Mama yako hali chakula. Macho yake yamekuwa ya njano. Wiki tatu zilizopita tulikwenda hospitali kubwa, wakaona uvimbe kwenye kongosho, na umefika kwenye ini. Wamesema si wa kukata.

Aliniapisha nisikuambie mpaka umalize mwaka wako. Niliapa na mkono kwenye kitabu kitakatifu, na leo nimevunja kiapo. Nimelia mbele za Mungu kabla ya kushika kalamu, na nikajua kwamba Mungu atanisamehe kuliko utakavyonisamehe wewe.

Mkono wake una inchi saba na nusu.

Njoo na mjomba wako, usirudi ndani kufunga mizigo.

Mama yako mdogo


20 Oktoba

Shikamoo mama mdogo,

Natumaini umeanza kulala. Mjomba ameniambia kwenye simu kwamba umefungua tena cherehani, nikashukuru. Chumba changu nimekikuta kama nilivyokiacha, na kikombe cha chai kimeota ukungu mezani.

Sikuandika tangu tuzike kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi. Mungu alinipa siku kumi na tano na mama, na siku tatu za mwisho hakunitambua. Nashukuru kwa zile kumi na mbili. Alinitania hadi koo likakauka. Aliniambia koti jeupe linanifanya nifanane na muuza mikate.

Wamenipokea tena mafunzoni, lakini wodi ya saratani nitaianza upya mwakani na darasa jingine. Si hilo ninalokuandikia. Sasa niko kliniki ya mtaani, na juzi alikuja mama mmoja, mtu mzima, sukari imegunduliwa karibuni. Anataka karatasi. Niliandika jina lake juu, mkono ukasimama. Alinisubiri, mama mdogo, mkoba wake magotini. Mwishowe mwenzangu akamwita upande wake.

Siku ya mazishi niling'oa ile karatasi ukutani, uliniona. Hukusema kitu. Niliandika wali kikombe kimoja, na nilimwandikia mtu anayekufa. Miezi sita alikaa na njaa kwa sababu mwanawe kasema. Na alipokonda, nyote mlisema ni karatasi, hata daktari hakuulizwa mpaka macho yalipogeuka rangi. Kama nisingeandika chochote, mngeona mapema. Mungu anisamehe, nilisimama mbele ya darasa nikalichora hilo ubaoni kwa fahari.

Nimeandika barua ya kuacha. Iko kwenye droo. Bi Mizani amenipa hadi mwisho wa Novemba nifikirie, lakini sioni cha kufikiri. Nitarudi nyumbani, unifundishe kushona.

Mwanao


6 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Najua salamu zangu hazina uzito leo, lakini siwezi kuanza barua bila kukuuliza umeamkaje. Sisi tunasukuma siku. Mjomba wako amepanda juu ya paa, amelirekebisha. Alikaa huko juu muda mrefu kuliko kazi yenyewe, nikajua analia, nikamwacha.

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini ya tepu yangu siku tatu. Nimeomba. Nataka kukuambia jambo, na nikikuambia nitakupoteza. Nisipokuambia, utapotea wewe mwenyewe. Basi.

Nilikuandikia kwamba tulijua wiki tatu kabla. Si kweli. Tulijua Aprili.

Aprili mwanzoni maumivu ya mgongo yalimzuia kulala, na gauni lilikuwa limempwaya hata kabla ya karatasi yako kufika. Swali la mwalimu wako lilikuwa la haki. Nilimpeleka zahanati, zahanati wakatupeleka hospitali kubwa. Daktari kijana alituambia yote, uvimbe, ini, na kwamba kuna dawa za kuongeza miezi michache, lakini ni za kulala wodini. Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje, karibu na mwanamke anayeuza karanga. Mama yako akanunua pakiti akaishika tu mkononi.

Akaniuliza, "Ile barua ya binti yangu ilisema siku ngapi?"

Nikamwambia, "Tano."

"Na yule aliyekwenda kwa mumewe?"

"Nane. Wamemrudisha nyuma mwaka."

Mwanangu, ile barua nilimsomea mimi. Nilimsomea ili acheke habari ya babu na soda.

Akasema, "Mimi siendi kulala wodini, na yeye haji." Nikamkatalia. Nilimwambia, "Dada, huyu si mtoto tena. Na ataniuliza vipimo, kaniagiza. Nimwambie nini?" Akafungua pakiti na kuifunga. Kisha akacheka, unajua kicheko chake cha puani. Akasema, "Mwandikie inchi za kweli. Mwambie karatasi yake inafanya kazi. Atafurahi, na hatatafuta sababu nyingine."

Nikashika kalamu Mei nikaandika. Inchi zote zilikuwa za kweli. Nilichodanganya ni sababu yake tu. Ile ya magauni, ile ya kujivuna, ile ya mke wa mwenye duka, nilikuwa naandika na yeye amekaa kitandani ananiambia, "Hapo ongeza kidogo, atacheka." Ulipojibu kwamba una mgonjwa mmoja duniani aliyepona mikononi mwako, niliisoma kwa sauti, nikashindwa katikati. Yeye akaipokea akaimalizia mwenyewe. Alilala nayo.

Wewe unasema alikaa na njaa. Hakukaa na njaa. Karatasi yako tuliifuata Februari na Machi, na ilimfanyia vizuri, kiu ilipungua na mguu wake uliacha kuwaka moto. Baada ya Aprili nilipika alichotaka. Nyama. Mkate wa siagi. Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Alikunywa mara mbili akasema inatosha. Hakuna alichoomba nikamnyima. Ilikuwa ni mwili wake unakataa, si ukuta wa jikoni. Karatasi ilibaki pale kwa ajili ya wageni.

Na ulipoing'oa siku ya mazishi, nilijua unachofikiri. Ningeweza kusema pale pale. Watu walikuwa wengi, ndivyo nilivyojiambia. Kisha watu wakaondoka, tukabaki wawili tunaosha vyombo, na bado sikusema. Nilikuwa naogopa uso wako. Nimekuacha uondoke na mzigo usio wako, mzigo mzito namna ile, ili mimi nibaki mama yako mdogo mwema. Kila ninapopiga magoti hilo ndilo linalotangulia.

Hukumnyima mama yako chakula. Mimi ndiye niliyekunyima miezi minne ya mama yako. Ungekuwa naye Aprili, Mei, Juni, Julai, akiwa na akili zake na utani wake wote, na mimi ndiye niliyekaa naye badala yako. Nilikula kicheko chako. Sijui kama hilo linasameheka, na siombi leo.

Nikasirikie, mwanangu. Nina afya, nitabeba. Usinijibu mpaka utakapotaka, hata ikiwa ni miaka. Ila kushona sitakufundisha. Barua ya kwenye droo ichane, na yule mama wa kliniki akirudi, mwandikie karatasi yake.

Mama yako mdogo